Dawa ya Mama Ilivyoliwa na Kijiji

Mama yangu hajawahi kula kitu peke yake. Ukimpa ndizi moja ataikata. Ukimletea mkate kutoka Lushoto, kabla hujavua viatu vipande vimeshavuka uzio kwenda kwa majirani, na wewe uliyeubeba unaambulia ule wa pembeni uliokauka. Nimekua nikiamini kwamba hiyo ni tabia njema. Siku hizi nina mashaka.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu mjini Lushoto, si mbali na stendi, na mama anaishi kijijini Gare, kwenye nyumba ileile tulimozaliwa. Kwa muda mrefu alikuwa akisumbuliwa na kiungulia, ule moto unaoanzia kwenye chembe ya moyo na kupanda hadi kooni. Alijitibu kwa magadi. Akilamba magadi anabeua, anajifuta mdomo, anatangaza kwamba amepona. Saa moja baadaye moto uko palepale, na yeye anatafuta maziwa baridi. Siku nyingine alitafuna kiazi kibichi kwa sababu mtu fulani aliyekutana naye sokoni, ambaye hata jina hakulijua, alimwambia kinasaidia.

Ningemcheka tu kama si habari ya mama yangu mdogo. Huyo alikuwa mdogo wake wa kufuatana, na alianza hivyohivyo: kiungulia, kubeua, kusukuma sahani kando akisema ameshiba. Alipofikishwa hospitali tayari kulikuwa na uvimbe tumboni, na haukumpa nafasi. Nyumbani kwetu ugonjwa ule haukutajwa tena. Lakini kila mama aliposhika kifua chake na kukunja uso, mimi niliuona ule msiba wote upya, na niliogopa sana.

Basi nilimburuta hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi. Alimsalimia mama shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, akikaa vizuri kwenye kiti. "Daktari atakuja saa ngapi?"

Binti akasema daktari ndiye yeye. Mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaamua kumsamehe.

Maswali yakaanza. Amepungua uzito? Chakula kinakwama akimeza? Maumivu yanaenda kwenye mkono au taya? Amewahi kutapika damu? Choo kimewahi kuwa cheusi kama lami? Hapo mama akasema kwa utulivu, "Mwambie huyu atoke kwanza." Huyu ni mimi, niliyemleta. Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango, nikasikia kila kitu. Majibu yote yalikuwa hapana. Akaulizwa pia kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, akasema magadi tu, na siku ile alisema kweli.

Walipima damu, ikaonekana ya kutosha. Walipima choo, hawakukuta mdudu. Daktari akaniita ndani na kutueleza kwamba dalili zake ni za tindikali iliyozidi na kupanda juu, na kwamba atampa kapsuli za kuipunguza. Moja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya chai. Imezwe nzima kwa maji, isifunguliwe wala isitafunwe. Amalize mwezi mzima hata akijisikia nafuu katikati. Magadi aache. Na asimpe mtu mwingine.

"Mwezi ukiisha bila nafuu," akasema, "tutakupeleka chini ya mlima, hospitali kubwa, wakaangalie tumbo kwa ndani. Kuna mpira mwembamba wenye kamera, unapitishwa mdomoni."

"Nimeze kamera?" mama akauliza.

"Ni ndogo, mama."

"Hata iwe ndogo. Mimi kamera nimepigwa mara moja tu, siku ya ndoa yangu, na ilikaa mbali."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa hesabu yote ilivyokaa. Dawa ikimsaidia, ni tindikali tu, tumshukuru Mungu twende nyumbani. Isipomsaidia, tunakwenda kutafuta kile kilichomchukua mama mdogo. Nilitoka pale nimeshika ile bahasha ya kapsuli kwa mikono miwili.

Nilimpigia simu kila baada ya siku chache. "Dawa zinaendaje, mama?"

"Zinaisha vizuri," alijibu, na mimi nikaridhika. Lakini nikiuliza kuhusu kiungulia, sauti inabadilika. Kipo. Wiki ya tatu akasema sasa hata maji yanamchoma yakishuka, na sehemu ya chembe ya moyo inauma kama kidonda. Siku ile nilishona gauni la mteja nikalitia mikono miwili, yote ya kulia. Mteja akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Nilifunga kibanda, nikapanda gari la Gare.

Kijijini kwetu huwezi kupita mlango wa mtu mzima bila kusalimia, na kati ya barabara na nyumba ya mama kuna milango mitatu. Wa kwanza ni wa katekista mstaafu, mzee mwenye tumbo la heshima. Nikampa shikamoo. Akaitikia na kuushika mkono wangu bila kuuachia.

"Mshukuru sana mama yako," akasema. "Ile dawa yake ni ya ajabu. Mimi nikila makande usiku nilikuwa silali. Sasa nameza kale kadude, nalala mpaka kengele."

"Kadude gani, mzee?"

"Ka rangi mbili. Na jogoo wangu naye amepona."

Sikuwa na nguvu ya kuuliza, lakini alinieleza hata hivyo. Jogoo alikuwa amesinzia, ameinamisha kichwa, hataki kula. Katekista akafungua kapsuli moja, akazimwaga zile chembe za ndani kwenye maji ya kuku. Kesho yake jogoo akawika. Tulipokuwa tunaongea, mgonjwa mwenyewe alikuwa juu ya paa la banda, ananitazama akiwa na afya kuliko ukoo wetu mzima.

Mlango wa pili, mke wa kijana mmoja, mjamzito wa miezi mingi, akanishukuru pia. Mama alimpa mbili baada ya kumwona ameshika kifua. Moja alikuwa amemeza. Nikamuuliza kama wauguzi wa kliniki wanajua. Akasema hawajamuuliza. Nikamwambia, kwa ukali niliojutia baadaye, kwamba mwenye mimba hamezi dawa ya jirani, aende kliniki aseme ana kiungulia, wao wana namna yao ya kumsaidia. Akaingia ndani na kunirudishia ile nyingine, imefungwa kwenye kona ya khanga pamoja na karafuu.

Mlango wa tatu ni wa rafiki mkubwa wa mama. Wamelima pamoja, wamezika waume zao mwaka mmoja, na wanagombana kila wiki kuhusu mpaka ambao hakuna anayeujua vizuri. Rafiki huyo ana magoti mabovu. Alinikaribisha, akanipa chai, kisha akasema nimsaidie kumpelekea mama bakuli lake. Bakuli lilikuwa na mapeasi, na juu ya mapeasi kulikuwa na kifurushi cha nailoni chenye vidonge vyeupe.

"Hivi ni nini, mama?"

"Vya magoti. Yeye ananipa za tumbo, mimi nampa za magoti."

Hapa inabidi nieleze, maana mtu wa mbali anaweza kudhani hawa ni watu wasio na akili. Kwetu kurudisha bakuli la mtu likiwa tupu ni aibu. Akikuletea makande, bakuli linarudi na viazi. Akikuletea maharage, linarudi na peasi. Mama alikuwa amempelekea makande na kapsuli kadhaa pembeni, na yule akafikiri kwa haki kabisa kwamba mapeasi peke yake hayawezi kulipa kitu kilichotoka hospitali. Akatafuta chenye hadhi inayofanana. Kuanzia hapo kila bakuli lilipovuka uzio lilibeba dawa, huku na huku, na wote wawili waliona urafiki wao unazidi kunoga.

Nilimkuta mama anamkatia ng'ombe majani. Sikumpa shikamoo vizuri. Nikauliza bahasha iko wapi. Akaileta bila wasiwasi. Zilikuwa zimebaki chache.

"Wewe mwenyewe umemeza ngapi?"

"Nilimeza zile za mwanzo."

"Na nyingine?"

"Watu walikuwa wanaumwa."

Nilipandisha sauti. Nilisema dawa si mkate. Nilisema imeandikwa kwa ajili yake, kwa tumbo lake, baada ya damu yake kupimwa, na kwamba hata jogoo wa katekista amepata dozi kabla yake. Mama aliendelea kukata majani. "Mtu akae sebuleni kwangu, ameshika tumbo," akasema, "nami nina dawa ndani, nimwangalie tu? Mbegu za maharage tunagawana, hakuna aliyekufa." Nilipojibu kwamba mbegu za maharage haziandikwi na daktari, akahamia Kishambaa, lugha anayotumia akitaka mjadala uishe, na mjadala ukaisha.

Jumatatu tulikuwa tena mbele ya yule daktari. Nilimsimulia kila kitu nikitegemea ataniunga mkono kwa hasira. Nilipofikia habari ya jogoo aliinamia meza, mabega yakimtikisika. Lakini nilipoweka vile vidonge vyeupe mbele yake, kicheko kilikatika.

"Hivi umevimeza kwa muda gani, mama?"

Mama akasema tangu majuma mawili na kitu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, maana na yeye magoti yanamuuma kidogo, na si vizuri kupokea kitu usikitumie.

Daktari akavuta kiti karibu yake. Akamweleza polepole kwamba dawa nyingi za maumivu za aina ile zinachubua ukuta wa tumbo, hasa kwa mtu wa umri wake, na zaidi akizimeza kabla ya kula. Zinaweza kutoboa kidonda, zikaleta damu. Rafiki yake alipewa kwa kipimo chake na kwa maelezo yake. "Asubuhi ulikuwa humezi dawa ya kuzima moto," akasema, "halafu ulikuwa unaumwagia mafuta ya taa." Kisha akauliza tena lile swali la choo. Safari hii mama hakuniambia nitoke. Alijibu huku ameshika kona ya khanga yake, na nikagundua kwamba na yeye anaogopa.

Damu ikapimwa upya. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri. Ilipotoka ilikuwa sawa, na nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakageuka.

"Kwa hiyo hatujui kama dawa imeshindwa," daktari akasema. "Haijajaribiwa bado. Tunaanza upya." Akampa bahasha mpya, akaongeza kwamba wale majirani waliozimeza kapsuli waje wapimwe, kwa sababu dawa ile inaweza kutuliza maumivu huku ikificha ugonjwa mwingine. Nikauliza vipi kuhusu jogoo. Akasema huyo hayuko katika utaalamu wake.

Nilikwenda na mama Gare nikakaa siku chache, ili nione kwa macho yangu. Ndipo nilipogundua habari ya kitanda. Daktari alikuwa amesema asile usiku akalala palepale, na kichwa kiinuke kidogo kuliko miguu. Nyumba ya mama imejengwa kwenye mteremko, kama nyumba zote za kwetu, na aliyeimwaga sakafu yake alikubaliana na mlima badala ya kubishana nao. Miaka yote hiyo mama alikuwa akilala kichwa kikiwa upande wa chini. Tindikali haikuhitaji hata kupanda, ilikuwa inateremka. Nikasema tukigeuze kitanda. Akakataa, kwa sababu upande ule ndiko kuna dirisha ambalo anamwonea ng'ombe. Tulibishana mpaka nikatafuta vipande vya mbao na kuinua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa. Asubuhi ya kwanza alidai amelala kama mtu aliyesimama foleni.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni ile nusu saa. Kumeza kapsuli na maji ni kazi ndogo. Lakini asubuhi katekista akitoka misa hupita kwa mama kunywa chai, na mama hajui kukaa na mgeni bila kushika kikombe. Anaona ni kumfukuza. Siku ya kwanza alimmiminia mzee chai, akakaa mbele yake mikono mitupu, akamtolea macho kila funda mpaka mzee wa watu akanywa kwa haraka akaunguza ulimi. Siku ya pili katekista alikuja amechelewa makusudi.

Nilizunguka pia kwa majirani kueleza. Yule mama wa magoti alinuna. Alisema kama vidonge vyake ni sumu basi na mapeasi yake nirudishe. Nikamwambia vidonge vyake ni vyema kwake, ndiyo maana aliandikiwa yeye, na kwamba rafiki yake nusura avuje damu tumboni. Sikuwa nimekusudia kumtisha, ila alitishika, na hasira yake yote ikageukia kwa mama. Tangu kesho yake alikuja kila alfajiri na magoti yake mabovu, akasimama mlangoni na kusema, "Meza nikuone." Hakuondoka mpaka aone koo limepanda na kushuka. Niliporudi mjini, nikaacha kupiga simu kwa mama. Nikawa nampigia yeye.

Katekista alikwenda kupimwa, akilalamika njia nzima. Hakukutwa na kitu kibaya. Aliambiwa apunguze makande ya usiku, ushauri ambao hadi leo anautafutia maandiko ya kuupinga.

Siku zikaenda. Mama wa magoti aliripoti kwamba mama amekula ugali mpaka ukoko. Kisha akaripoti kwamba mama amemgombeza kuhusu mpaka, kwa sauti kamili, na nikajua nafuu imeingia. Mwezi ulipokaribia kwisha tulirudi kwa daktari. Akamminya tumbo, akampima uzito, akauliza yale maswali yake yote. Kiungulia hakikuwepo, maumivu hayakuwepo. Akasema hakuna haja ya kamera. Amalize alizobakiza, kisha aache, na kikirudi aje hapa, asiende kujinunulia nyingine duka la dawa na kuzimeza mwaka mzima kwa kubahatisha. Akiona choo cheusi, au damu, au chakula kinakwama, asisubiri gari la kesho.

Tulitoka nje tukakaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilianza kusema yale niliyokuwa nimeyaweka. Kwamba angetuua kwa wasiwasi. Kwamba mtu mwenye akili hagawi dawa yake mwenyewe akiwa bado anaumwa. Mama aliniacha nimalize.

"Nilijua ni ule wa mdogo wangu," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akaendelea kuongea huku anatazama watu wanaopanda kuingia hospitali.

"Ulianza vilevile. Nikameza zile siku za kwanza, sikuona tofauti. Nikasema basi, ndio huo. Sasa dawa nzuri vile, kumpa mtu anayekwenda, si kuiharibu? Nikaona wapate wenye siku mbele yao."

Nililia pale kwenye mtaro, mtu mzima, na tepu yangu ya kupimia bado iko shingoni. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine. Wiki zile zote nilidhani mimi ndiye ninayebeba hofu ile peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa ameshakubali kufa na anagawa urithi. Nikamwambia asinifanyie hivyo tena. Nikamwambia zile siku za kwanza dawa haikuwa imepata hata muda wa kufanya kazi, na kwamba angeniuliza ningemwambia. Akasema mambo hayo mtu hamuulizi mtoto wake. Kisha akanifuta uso kwa khanga, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta kamasi.

"Viazi sikupanda msimu huu," akasema. "Niliwaza nitamwachia nani kazi ya kuvichimba. Twende sokoni."

Alichagua mbegu taratibu, moja moja, akizigeuza kuangalia macho yake na kuzirudisha zile zilizooza upande. Muuzaji alichoka kumsubiri. Akamwonya kwamba msimu umeshasogea, na aina ile anayoichagua inakawia sana kukomaa, bora achukue ile nyingine ya haraka.

"Sina haraka," mama akamjibu. "Nitakuwepo."

Akanikabidhi mfuko nibebe.